Upemba, Parke ya Maji na Ndege

1. Mahali penyewe

Watoto wa Lubumbashi wote wanajua samaki wakavu wanaouzwa sokoni. Wengine hutoka mashariki, katika mto Luapula na ziwa Mweru. Wengine hutoka kaskazini, katika bonde kubwa la mto Lualaba. Bonde hilo lina maziwa mengi na mabwawa mapana yaliyojaa matete. Sehemu yake moja ni Parke ya Taifa ya Upemba. Katika somo hili tutakwenda huko kwa fikira. Tutatazama ndege na nyama wa pori, kisha tutajifunza kwa nini mahali pale panalindwa, na hatari gani inapatisha taabu.

Parke ni nini? Ni sehemu ya nchi iliyowekewa mipaka kwa sheria, ili nyama, ndege, samaki na miti iliyomo isiharibiwe. Parke ya kwanza ya Kongo iliwekwa mwaka 1925 huko Kivu. Leo inaitwa Virunga. Parke ya Garamba iliwekwa mwaka 1938, na ya Upemba tarehe 15 Mei 1939. Wakati ule Upemba ilipimwa kilometa za mraba 17,730. Baadaye mipaka ilipunguzwa, lakini hata sasa parke ni kubwa kupita kilometa za mraba 10,000. Hata mtu mwenye miguu hodari angechoka siku nyingi kabla ya kuizunguka.

Zamani wasafiri wengi walikwenda upande ule kwa gari la moshi. Reli ya kutoka Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966, ilifika Bukama mwaka 1918. Bukama iko kando ya Lualaba. Kabla ya kufika Bukama mto unapita katika mawe na maporomoko. Baada ya Bukama unakuwa mpana na mpole, na mashua kubwa zaweza kupita juu yake. Kwa hiyo Bukama palikuwa mahali pa kushuka katika gari la moshi na kupanda mashua. Lakini makao ya walinzi wa parke hayako bondeni. Yako Lusinga, juu ya milima ya Kibara, upande wa Mitwaba.

2. Juu baridi, chini joto

Parke ya Upemba ina pande mbili zisizofanana. Upande wa juu ni uwanda mrefu wa majani, penye upepo na baridi. Lusinga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Asubuhi ya mwezi wa sita mtu hutetemeka pale, hata akivaa koti. Upande wa chini ni bonde la Lualaba, karibu mita 600 tu juu ya bahari. Pale ni joto, na mbu ni wengi.

Bonde hilo lilitokeaje? Zamani sana, kabla watu hawajakuwako, nchi ilipasuka mahali pawili, na sehemu ya katikati ikashuka chini. Fikiri mbao tatu zilizopangwa sambamba. Ukibonyeza ubao wa katikati, unashuka, na mbao mbili za kando zabaki juu. Ndivyo ilivyokuwa. Mto Lualaba ukaingia katika sehemu iliyoshuka, na kwa kuwa nchi ile ni tambarare, maji yakatawanyika kila upande. Yakafanya maziwa makubwa na madogo. Yanayojulikana zaidi ni ziwa Upemba na ziwa Kisale. Mto Lufira nao, unaotoka pande za Likasi, huungana na Lualaba katika bonde hilo hilo.

3. Maji yapanda, maji yashuka

Katika Katanga mvua huanza kunyesha mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na hukoma mwezi wa nne. Maji ya mvua hayafiki bondeni siku moja. Hutoka katika vijito, huingia mitoni, hufuata Lufira na Lualaba. Kwa hiyo bonde hujaa zaidi mwishoni mwa mvua. Maji hupita ukingo wa mto, hufunika majani, huunganisha ziwa na ziwa. Mahali palipokuwa na njia ya miguu, sasa mtu hupita kwa mtumbwi.

Wakati wa kiangazi maji hurudi nyuma polepole. Huacha matope yenye rutuba na vidimbwi vingi.

Kupanda na kushuka kwa maji ndio uzima wa bonde. Samaki wengi huingia katika majani yaliyofunikwa na maji ili kutaga mayai. Pale watoto wao hupata chakula na maficho. Samaki wakubwa hawawaoni kwa urahisi. Maji yakianza kushuka, samaki wadogo huyafuata kurudi ziwani. Wengine hukwama katika vidimbwi, nao ndio karamu ya ndege. Basi, mwaka usio na gharika ni mwaka wa njaa kwa samaki, kwa ndege na kwa wavuvi pia.

4. Matete na mafunjo

Kando ya maziwa huota mafunjo. Ni majani marefu kuliko mtu, yenye kichwa kama ufagio wa kijani. Mgeni akiyaona hufikiri kwamba hayana kazi. Tazama kazi zake.

Kwanza, mizizi ya mafunjo hushika matope, hata ukingo usibomoke. Pili, hupunguza mbio za maji. Gharika ikiingia katika mafunjo hutembea polepole, kama umati wa watu unaopita katika mlango mwembamba. Vijiji vilivyo mbele huokoka na mafuriko ya ghafula. Tatu, huchuja maji. Uchafu na mchanga hubaki katika mizizi, na maji yanayotoka upande wa pili ni safi zaidi. Nne, ni nyumba ya ndege na mahali pa samaki kuzaa.

Mafunjo yana ajabu nyingine. Mizizi yake hufumana kama mkeka mnene, na mara nyingine mkeka huo hukatika na kuelea juu ya maji. Katika ziwa Kisale wako wavuvi wanaojenga vibanda juu ya visiwa vya namna hiyo, na kuishi pale pamoja na nyavu zao.

5. Domo la ndege na chakula chake

Mtu akitazama mafundi, huweza kujua kazi ya kila mmoja kwa vyombo vyake. Mwenye msumeno ni seremala. Mwenye mwiko ni mwashi. Ndege nao ni hivyo. Tazama domo na miguu yake, nawe utajua anakula nini na anakaa wapi.

Tai wa samaki, anayeitwa pia furukombe, ana kichwa cheupe na tumbo la kahawia. Domo lake limepindika kama ndoana. Hukaa juu ya mti mrefu kando ya maji, na sauti yake husikika mbali. Akiona samaki karibu na uso wa maji, hushuka, hunyosha miguu mbele na kumnasa kwa kucha.

Mwari ni mkubwa sana, naye ana mfuko wa ngozi chini ya domo. Huutumia kama wavu: huteka maji pamoja na samaki, kisha huyamwaga maji na kumeza samaki.

Mnandi ni mweusi. Huzama na kuwafukuza samaki chini ya maji. Manyoya yake huloa, kwa hiyo baadaye husimama juu ya gogo na kufungua mabawa yake juani, kama mama anayeanika nguo.

Mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe hupiga mabawa angani pasipo kwenda mbele wala nyuma. Hutazama chini tu. Kisha huanguka majini kama jiwe, na hutoka na samaki mdogo domoni.

Yuko korongo mmoja ambaye domo lake halifungi vizuri. Katikati pana nafasi. Je, ni kilema? Sivyo. Korongo huyo hula konokono wa majini, na domo la namna hiyo lafaa sana kwa kumtoa konokono katika nyumba yake.

Juu ya majani ya mayungiyungi hutembea ndege mdogo wa kahawia, mwenye vidole virefu kama vijiti. Vidole hivyo hugawanya uzito wake juu ya jani pana, asizame. Kwa ndege huyo baba ndiye anayelalia mayai na kuwatunza watoto. Hatari ikija, huwabeba chini ya mabawa yake, na miguu yao huonekana ikining'inia.

Lakini ndege ambaye wageni hutamani kumwona kuliko wote ni yule mwenye domo kama kiatu cha mti. Tumwite domo-kiatu. Ana rangi ya majivu, na kimo chake hupita mita moja. Husimama katika mafunjo pasipo kutikisika, saa nzima au zaidi. Mtu aweza kufikiri kwamba ni sanamu. Anangoja kambale apande juu kuvuta hewa. Hapo humwangukia kwa mwili wote na kumkamata pamoja na majani na matope. Jike hutaga yai moja mpaka matatu, lakini kwa kawaida mtoto mmoja tu hukua. Kwa hiyo mtu akiiba mtoto mmoja katika kiota ili kumwuza, amewanyima wazazi wale kazi ya mwaka mzima.

6. Ndege wa Katanga tu

Ndege wengi tuliowataja huonekana pia katika nchi nyingine za Afrika. Lakini wako ndege wadogo ambao dunia nzima inawajua katika nchi yetu ya Katanga tu.

Mwaka 1960 bingwa mmoja wa Ubelgiji, Jean-Claude Ruwet, alikuwa akichunguza ndege wa ziwa Tshangalele. Ziwa hilo liko katika mto Lufira, karibu na Likasi. Lilitokea wakati mto ulipozuiwa huko Mwadingusha ili kupata umeme. Ruwet alipata mnana mmoja wa manjano mwenye uso mweusi, akamhifadhi. Mwaka 1982 mabingwa wengine wawili walimlinganisha na minana wote waliojulikana, wakaona kwamba hafanani na yeyote kabisa. Wakampa jina la Ruwet. Lakini walikuwa na ndege mmoja tu, tena mfu. Je, wenzake walikuwa hai bado? Hakuna aliyeweza kujibu. Ndipo mwaka 2009 mabingwa walirudi Tshangalele, wakawakuta minana wale wakiishi kando ya maji yale yale. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita.

Yuko ndege mwingine, mdogo kama kidole gumba na urefu wa mkia wake. Ni jamii ya wale wanaokula mbegu za majani. Mwamerika James Chapin alimtangaza mwaka 1928. Kwao ni majani marefu karibu na Lualaba na ziwa Upemba. Baada ya mwaka 1950 miaka mingi ilipita pasipo mabingwa kumwona. Hujificha katika majani. Labda mtoto wa mvuvi humwona kila asubuhi, asijue kwamba dunia ilimtafuta.

Ziwa Tshangalele lina shida yake. Viwanda vya madini vya Likasi hutoa maji machafu, na maji hayo huingia katika vijito, halafu ziwani. Shaba na kobalti zikizidi majini, huingia katika matope, kutoka matopeni huingia katika wadudu na samaki, kutoka kwa samaki huingia katika ndege na watu. Mnana mwenye ziwa moja tu hana mahali pa kukimbilia. Ziwa lake likiharibika, amekwisha.

7. Nyama wa parke

Katika maji ya Upemba wako viboko na mamba. Kiboko hukaa majini mchana, na usiku hutoka kula majani nchi kavu. Hufanya njia pana katika mafunjo, nazo hupitisha maji na samaki. Mavi yake huanguka majini na kurutubisha vidudu ambavyo samaki hula. Kwa hiyo mahali penye viboko samaki nao hunufaika. Lakini usimkaribie! Kiboko mwenye mtoto huweza kupindua mtumbwi.

Katika mafunjo huishi nzohe, jamii ya paa mwenye kwato ndefu zilizopanuka. Kwato hizo humsaidia kutembea matopeni. Akifukuzwa huingia majini, akabaki na pua tu juu ya maji.

Juu ya uwanda wako pundamilia. Ndio pundamilia wa mwisho waliobaki porini katika Kongo nzima. Tembo pia wako, lakini wamekuwa wachache sana kuliko zamani.

Nyama mmoja atupasa kumkumbuka zaidi ya wote. Ni lechwe wa Upemba. Ana miguu ya nyuma mirefu, na hukimbia vizuri katika maji yanayofika magotini. Wakati wa gharika hupanda pamoja na maji, wakati wa kiangazi hushuka pamoja nayo, akila majani mapya ukingoni. Mwaka 2005 bingwa Fenton Cotterill alieleza kwamba lechwe huyo si sawa na lechwe wa Zambia. Ni wa bonde la Upemba tu. Zamani walikuwa maelfu. Mwaka 2023 watu walipita juu ya bonde kwa ndege ili kuwahesabu. Waliona 10 tu. Mabingwa wafikiri kwamba wote pamoja hawafiki 100. Fikiri: darasa mbili au tatu za shule yako zina watoto wengi kuliko lechwe wote wa dunia wa namna ile.

8. Watu na parke

Msidhani kwamba bonde la Upemba lilikuwa tupu kabla ya parke. Kando ya ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, tangu mwaka 1957 mabingwa walichimba makaburi ya watu wa kale. Walikuta vyungu vizuri sana, mapambo ya shaba na vyombo vya chuma. Makaburi mengine yamepita miaka 1,000. Wazee wale walivua samaki katika maziwa haya haya, wakafanya biashara na nchi za mbali. Katika bonde hilo ndimo ulimotokea ufalme mkubwa wa Waluba.

Kama watu walivua kwa miaka 1,000 pasipo kumaliza samaki, mbona leo samaki wanapungua? Sababu si moja. Watu wamekuwa wengi, na miji ya madini yahitaji chakula kila siku. Tena vyombo vimebadilika. Zamani mvuvi alitumia mitego ya miti na nyavu zenye matundu makubwa. Leo wako wanaovua kwa chandarua cha mbu, kisichoacha hata samaki wa urefu wa ukucha. Zamani mwindaji alikuwa na mkuki na upinde. Leo ana bunduki ya vita.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme samaki jike ana mayai 300, na katika watoto wake 10 tu wanakua. Mvuvi akimkamata kabla hajazaa, leo amepata samaki 1, na mwaka ujao amekosa 10. Tena kama wavuvi 100 wakifanya hivyo kila mmoja mara moja tu, wamekosa samaki 1,000. Wazee husema: Akiba haiozi. Samaki anayeachwa azae ni akiba.

Lakini yafaa kusema kweli yote. Mipaka ya parke ilipowekwa mwaka 1939, serikali ya kikoloni haikuwauliza wenyeji vya kutosha. Watu wengine waliondolewa katika mashamba na mahali pao pa kuvua na kuwinda. Mtu aliyenyimwa nchi ya babu yake, wala hakupata shule wala zahanati badala yake, atapendaje parke? Kwa hiyo wanaolinda Upemba leo wajua kwamba bunduki peke yake haitoshi. Lazima wenyeji wapate faida, wasikilizwe, na wawe na mahali pa kuvua kwa sheria inayoeleweka.

Miaka ya vita ilileta hasara kubwa. Watu wenye silaha waliingia parke, wakala nyama na kuuza meno ya tembo. Mwaka 2004 hata makao ya Lusinga yalishambuliwa, na watu waliuawa. Walinzi wengine wamekufa wakiwa kazini. Hawa ni watu wa Kongo wenye wake na watoto, waliokufa ili pundamilia na lechwe wasipotee. Tangu mwaka 2017 taasisi ya serikali inayolinda parke, iitwayo ICCN, inasaidiana na shirika la Forgotten Parks kuirudisha Upemba katika hali njema. Kazi bado ni ndefu.

9. Namna ya kutazama ndege

Siku moja labda utafika Upemba pamoja na shule au wazazi wako. Jifunze tangu sasa namna ya kutazama.

Amka mapema. Ndege hula asubuhi na jioni. Saa sita mchana wengi hupumzika kivulini.

Vaa nguo za rangi ya majani au ya udongo. Nguo nyeupe na nyekundu huonekana mbali.

Nyamaza, tembea polepole, simama mara kwa mara. Anayesimama huona zaidi kuliko anayekimbia.

Ukiwa na darubini, kwanza mtazame ndege kwa macho, kisha inua darubini pasipo kuondoa macho juu yake. Ukitafuta kwa darubini peke yake, ndege atakwisha kuruka.

Uliza maswali matano. Ni mkubwa kama nani: kama shomoro, kama kuku, au kuliko kuku? Ana rangi gani kichwani, tumboni na mabawani? Domo lake likoje? Anafanya nini? Yuko mahali gani? Andika majibu katika daftari, pamoja na tarehe na saa.

Usiguse kiota. Mama akiogopa na kuondoka, jua kali laweza kuua mayai kwa muda mfupi.

Usitupe karatasi za plastiki majini, wala usiwashe moto katika majani.

Mfuate mlinzi wa parke na kumtii. Yeye ajua alipo kiboko.

10. Anza nyumbani

Upemba ni mbali, na wakati wa mvua njia huharibika. Lakini kazi ya kutazama ndege yaweza kuanza Lubumbashi leo hii. Nenda kando ya mto Kafubu au mto Lubumbashi pamoja na mtu mzima. Utaona yangeyange weupe wakitafuta wadudu, mdiria juu ya maji, na minana wakisuka viota katika matete. Tazama dume anavyosuka: hukata ukanda wa jani, hufunga fundo kwa domo na miguu, na kila siku huongeza. Jike huja kukagua. Kiota kikiwa kibaya, jike hukikataa, na fundi huanza tena.

Mwezi wa kumi na moja tazama nyaya za umeme. Utaona mbayuwayu wengi wamejipanga. Wengine wametoka Ulaya, wamepita bahari na jangwa la Sahara, kwa kuwa kwao baridi imeanza na wadudu wamekwisha. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi. Ndege huyo mdogo hajui mipaka ya nchi. Akikuta hapa maji machafu na majani yaliyoungua, hatapata nguvu za kurudi kwao mwezi wa tatu au wa nne, na mtoto wa Ulaya atamngoja bure juu ya nyumba yake. Kwa hiyo kijito cha mtaa wako ni sehemu ya mali ya dunia nzima.

Waambie nyumbani mliyojifunza. Anayejua jina la ndege na kazi yake, hamtupii jiwe ovyo.

Maulizo

1. Parke ya Upemba iliwekwa mwaka gani? Parke ya kwanza ya Kongo ni ipi?
2. Eleza namna bonde la Lualaba lilivyotokea.
3. Kwa nini samaki hupenda kutaga mayai wakati wa gharika?
4. Taja kazi nne za mafunjo.
5. Chagua ndege wawili. Eleza namna domo la kila mmoja lifaavyo kwa chakula chake.
6. Mnana wa Ruwet alionekana tena mwaka gani? Hatari yake ni nini?
7. Kwa nini wenyeji wengine hawakupenda parke? Ungefanya nini wewe ili waipende?
8. Hesabu: katika mfano wa somo, wavuvi 250 wakikamata kila mmoja samaki jike 2 kabla hawajazaa, mwaka ujao watakosa samaki wangapi?

Kazi ya nyumbani: Mtazame ndege mmoja kwa siku tatu, asubuhi na jioni. Andika saa, mahali, na kazi aliyokuwa akifanya. Kisha usome mbele ya darasa.